Dawa Inayonata Shavuni: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mfamasia

Wiki tatu zilizopita niliandika katika safu hii aya moja tu kuhusu dawa ambazo hazimezwi wala hazitafunwi, bali hubandikwa kwenye ufizi au ndani ya shavu na kuachwa humo mpaka zimalizike zenyewe. Aya hiyo fupi imeniletea barua nyingi kuliko makala nzima ya homa ya matumbo iliyoitangulia. Nimefurahi, kwa sababu mengi ya maswali hayo ndiyo yale ambayo wagonjwa huondoka nayo dirishani bila kuyauliza. Nimechagua manane, nimeyafupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha pembeni.

Kidonge kikimezwa si kinafika kwenye damu vilevile? Kwa nini tusumbuke kukibandika shavuni? (Mama wa nyumbani, Arua)

Kinafika, mama, lakini mara nyingi hakifiki chote. Dawa iliyomezwa hukutana kwanza na asidi ya tumbo, kisha vimeng'enya vya utumbo, na ikishavuka hapo, damu inayotoka kwenye utumbo huipeleka moja kwa moja kwenye ini kabla ya kuisambaza mwilini. Ini kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja vitu vigeni, na halijui kutofautisha sumu na dawa uliyoinunua kwa fedha yako. Zipo dawa ambazo ini huzimaliza karibu zote katika safari hiyo ya kwanza, kiasi kwamba kuzimeza ni sawa na kuzitupa. Damu inayotoka kwenye utando wa kinywa hufuata njia nyingine: huingia katika mishipa ya shingo, ikarudi moyoni, na kutoka hapo ikaenea mwili mzima pasipo kupita kwanza mikononi mwa ini.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1847 Mwitaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini, akaionja kidogo kwa ulimi, na kichwa kikamgonga vibaya. Dawa ilikuwa imepenya kinywani na kutanua mishipa yake ya damu. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London aliandika jinsi alivyoitumia kitu hicho hicho kutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na mpaka leo wagonjwa wa moyo huweka kidonge chake chini ya ulimi na kupata nafuu ndani ya dakika chache. Tena hatuna haja ya kwenda London kupata ushahidi. Kijana anayetafuna mairungi stendi ya bodaboda hapa kwetu hayamezi majani yale mara moja. Huyakusanya shavuni mpaka shavu linavimba kama lina yai, kwa sababu uzoefu umewafundisha watafunaji kwamba nguvu yake hupatikana yakikaa pale. Simsifu, maana mairungi yanaharibu vijana wetu, lakini shavu lake linafanya kazi ile ile ninayoieleza hapa.

Niongeze kwamba kinywa si kimoja kote. Ufizi na kaakaa gumu vina tabaka gumu kwa sababu husuguliwa na chakula kila siku. Utando wa chini ya ulimi ni mwembamba, kati ya mikroni 100 na 200 (mikroni 1000 ni milimita moja), kwa hiyo dawa hupenya haraka, lakini mahali pale ulimi hautulii na mate hujaa kama kisima. Utando wa ndani ya shavu ni mnene zaidi, mikroni 500 hadi 800, lakini hauna lile tabaka gumu, una damu ya kutosha, na umetulia. Ndiyo maana dawa ya dharura huwekwa chini ya ulimi, na dawa inayotakiwa kutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi hubandikwa shavuni. Nyingine hubandikwa ufizini si kwa nia ya kuingia kwenye damu hata kidogo, bali kutibu kinywa chenyewe, na hiyo nitaieleza chini zaidi.

Nimesoma kwamba gundi nyingi hushindwa kwenye maji. Hizi zinanataje mahali penye mate muda wote? (Mwanafunzi wa famasia, Mbarara)

Swali lako ndilo kiini cha taaluma hii nzima, kwa hiyo univumilie nikilikalia kwa muda.

Anza jikoni. Mtu anayesonga posho akiwa na mkono uliolowa kidogo, unga mkavu ukimwangukia, hunata kwenye ngozi na hauondoki kwa kupuliza. Unga ule unanata kwa sababu una kiu: unavuta maji yaliyo juu ya ngozi, unajaa, na unagandamana nayo. Lakini mkono ule ule ukiuweka chini ya bomba, unga unakuwa uji na unateleza wote. Dawa inayonata kinywani hufuata kanuni hizo mbili. Huwekwa ikiwa kavu, huvuta unyevu kutoka kwenye ute unaofunika utando, na katika kuvuta huko minyororo mirefu ya molekuli zake hujinyoosha na kupenya ndani ya ute. Maji yakizidi, hulegea na kuwa utelezi. Ustadi wa mtengenezaji ni kuiweka kati ya hali hizo mbili kwa saa nyingi iwezekanavyo.

Ute wenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, lakini kinachoupa mnato ni musini, yaani protini ndefu zilizosheheni matawi ya sukari, na ncha za matawi hayo zina asidi zinazoupa ute chaji hasi. Gundi za kinywani hushikamana na musini kwa njia kadhaa ambazo kwa kawaida hufanya kazi pamoja. Karbopoli na jamaa zake, ambazo ni minyororo ya asidi ya akriliki, hushika kwa vifungo vya haidrojeni. Kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ina chaji chanya, kwa hiyo huvutana na ute wenye chaji hasi. Selulosi zilizorekebishwa, ambazo utazikuta karibu katika kila karatasi ya maelezo ya dawa, hujisokota ndani ya ute kama nyuzi mbili zinazosukwa kuwa kamba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti nchini Austria walianza kupachika vikundi vyenye salfa kwenye polima hizo, yaani ile minyororo mirefu ya molekuli za gundi, ili zifunge na salfa iliyomo ndani ya musini. Kifungo cha namna hiyo ni imara kuliko vile vya awali, kwa kuwa ni kifungo halisi cha kikemia wala si mvutano tu.

Walimu wako watakuambia kwamba kunata kuna hatua mbili, kugusana na kuimarika, nami nakuomba usizichukulie kama maneno ya mtihani. Hatua ya kwanza inahitaji kidole: shinikizo dogo la sekunde 30 ndilo linaloleta minyororo ya polima karibu na ute kiasi cha kuanza kushikana. Hatua ya pili inahitaji muda na utulivu. Mgonjwa anayekibandika kidonge akaanza papo hapo kukichokoza kwa ulimi ameikatiza hatua ya pili, na kidonge kikianguka atasema dawa ni mbovu.

Hata gundi ikiwa nzuri vipi, ina adui wawili wa kudumu. Wa kwanza ni mate, ambayo mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Wa pili ni ute wenyewe, ambao haukai: mwili huutoa na kuubadilisha mfululizo, kwa hiyo gundi inaposhikamana na ute, imeshikamana na kitu kinachohama. Ili kupambana na mate, vibandiko vingi vya siku hizi hutengenezwa kwa tabaka mbili. Upande unaoelekea shavu una gundi na dawa. Upande unaoelekea ulimi umefunikwa kwa tabaka lisilopenyeka, mara nyingi la ethili selulosi, ili dawa isiishie kwenye mate ya kumezwa, nao ulimi usinatane nayo.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, jua pia kwamba jaribio linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza lilikuwa la mwaka 1947, ambapo gamu ya tragakanti ilichanganywa na unga wa kubandikia meno ya bandia ili kuishikiza penisilini kwenye utando wa kinywa. Jambo lililoanza hivyo, kwa vitu viwili vilivyokuwa tayari mezani, leo lina maabara zake na majarida yake.

Binti yangu anayeishi Ufaransa ameniletea vidonge vya mikonazoli vya kubandika ufizini kwa ajili ya utando mweupe mdomoni. Cha kwanza nilikitafuna. Je, nimejidhuru? (Mzee mstaafu, Jinja)

Mzee wangu, hukujidhuru, ila umepoteza kidonge kimoja. Kidonge hicho chenye miligramu 50 kimetengenezwa ili kitoe dawa kidogo kidogo ndani ya mate kwa saa nyingi, na kuvu wanaosababisha ule utando waogelee humo mchana kutwa. Ukikitafuna unapata dawa nyingi kwa dakika tano, halafu hakuna kitu mpaka kesho.

Fanya hivi. Asubuhi ukishapiga mswaki, kausha vidole vyako vizuri, kisha utoe kidonge. Utaona upande mmoja umevimba kidogo kama mgongo wa kobe na mwingine ni bapa. Ule wa mviringo ndio unaowekwa kwenye ufizi wa juu, katika kishimo kilichopo juu ya jino la mbele lililo kando ya chonge. Kisha bonyeza mdomo wa juu kwa nje, kwa kidole, huku ukihesabu mpaka 30. Kikigeuka na kunata kwenye mdomo badala ya ufizi si kosa, kiache. Kesho yake badilisha upande. Unaweza kula, kunywa na kuongea kama kawaida, lakini bazoka uziache kabisa mpaka umalize dawa, na usikivute wala kukichokoza.

Kikianguka kabla ya muda wa saa sita kupita tangu ukibandike, kirudishe mara moja. Kisiponata, weka kipya. Ukikimeza kabla ya saa hizo, kunywa glasi ya maji na uweke kingine, mara moja tu. Saa sita zikishapita, usiweke kingine mpaka siku inayofuata. Kabla ya yote hayo nijibu mambo mawili: je, maziwa yanakudhuru? Gundi ya kidonge hicho imetokana na protini ya maziwa, na mwenye mzio wa protini hiyo hapaswi kukitumia. Je, unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda? Mikonazoli huiongezea nguvu hata ikiwa kinywani tu, kwa hiyo mwone daktari wako kwanza. Na kwa kuwa utando mweupe kwa mtu mzima mara nyingi ni dalili ya jambo jingine, kama kisukari, meno ya bandia yasiyosafishwa au kinga iliyoshuka, pima sukari na upime virusi vya Ukimwi hata kama una hakika na hali yako.

Niseme neno ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa Uganda, ukiwashirikisha madaktari wa Makerere akiwemo Profesa Moses Kamya na Profesa Elly Katabira. Walikilinganisha kidonge cha mikonazoli kinachonata na ketokonazoli ya kumeza kwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa na kuvu kinywani, na kile cha kunata hakikuwa duni. Miaka tisa baadaye, mwaka 2013, Ulaya ilishauri vidonge vya ketokonazoli viondolewe katika matibabu ya kuvu kwa sababu ya madhara yake kwenye ini, na Marekani ikabana matumizi yake. Wagonjwa wa Uganda walikuwa wameshatoa ushahidi kwamba tiba ya mahali palepale inatosha. Inaniuma kwamba katika maduka ya dawa ninayoyafahamu mimi, vidonge vya namna hiyo lazima vije kwa mkono wa binti aliyeko Ufaransa.

Je, gundi hizi zina jelatini ya nguruwe? Na mtu aliyefunga Ramadhani anaweza kuzitumia? (Mwalimu, Bombo)

Baadhi zina jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe, ng'ombe au samaki, na karatasi ya maelezo haisemi kila mara ni ya mnyama gani. Nyingi hazina. Selulosi hutoka kwenye mimea, alginati kwenye mwani, pektini kwenye maganda ya matunda, na karbopoli hutengenezwa kiwandani. Ukimtajia mfamasia wako jina kamili la dawa, anaweza kukusomea viambato vyake au kumwandikia mwagizaji, nawe una haki ya kuuliza.

Kuhusu funga, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 lilisema kwamba vidonge vya moyo vinavyowekwa chini ya ulimi havibatilishi saumu, mradi mtu ajiepushe na kumeza kinachofika kooni. Hapo ndipo penye tofauti. Kidonge cha nitrogliserini huisha upesi na mate yake yanaweza kutemwa, lakini kidonge cha kunata kinachotoa dawa mchana kutwa humezwa pamoja na mate, hakuna namna. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo hukumu nawaachia masheikh wako. Upande wa dawa naweza kukuambia kwamba kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kubandikwa baada ya kufuturu, kikafanya kazi usiku, na mabaki yakasukutuliwa kabla ya alfajiri. Zungumza na daktari wako mkubaliane saa hizo, usizipange peke yako.

Mtoto wangu hupata degedege. Hospitalini walimwekea dawa shavuni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa nini hawakumchoma? (Mama, Tororo)

Walifanya jambo lililopimwa kwa watoto wetu wenyewe. Mtoto anayetupa mikono na miguu, mishipa imejificha, kumpata mshipa kunaweza kula dakika ambazo ubongo wake hauna. Kwa miaka mingi njia mbadala ilikuwa diazepamu inayopitishwa njia ya haja kubwa. Daktari Arthur Mpimbaza na wenzake walifanya utafiti katika hospitali ya Mulago, wakauchapisha mwaka 2008, kwa watoto 330 wenye umri wa miezi mitatu hadi miaka 12. Nusu yao walipewa diazepamu ya kupitishia nyuma, nusu midazolamu ya shavuni. Tiba ilihesabiwa kushindwa ikiwa degedege halikukoma ndani ya dakika 10 au lilirudi ndani ya saa moja. Ilishindwa kwa asilimia 43 ya waliopewa diazepamu na asilimia 30.3 ya waliopewa midazolamu. Wengi wa watoto wale walikuwa na malaria, ugonjwa unaotuletea degedege kuliko mwingine wowote.

Hiyo si dawa ya kunata. Ni maji yanayopenya upesi kati ya ufizi na shavu. Nimeijumuisha kwa sababu mlango ni ule ule. Nami nakusihi jambo moja, mama, kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu. Zamani, katika kijiji cha mama yangu, mtoto wa jirani alishikwa na degedege, na watu wazima wenye nia njema wakampenyeza kijiko mdomoni ili asijing'ate ulimi. Kijiko kilimng'oa meno mawili ya mbele, na jino moja likapotea. Hatukujua kama amelimeza au limeingia kwenye njia ya hewa. Mtoto akishikwa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, angalia saa, usimwekee kitu katikati ya meno, na mpeleke kituoni. Midazolamu ya nyumbani itumike tu ikiwa daktari amekuandikia, amekupimia kipimo cha uzito wa mtoto, na amekuonyesha kwa mikono, maana ikizidi inaweza kupunguza pumzi.

Mama yangu ana saratani ya koo na kumeza kunamshinda. Nimesikia kuna filamu za maumivu za kubandika shavuni. Kwa nini hatupewi? (Binti, Kampala)

Pole sana, dada. Filamu hizo, yaani vibandiko vyembamba vya dawa, zipo. Ya fentanili iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 na ya buprenofini mwaka 2015, zote mbili za kubandika ndani ya shavu. Dawa hizi zilichaguliwa kwa sababu molekuli zake ni ndogo, hupenda mafuta, na nguvu yake hupatikana kwa kiasi kidogo sana. Kibandiko cha shavuni huwa na upana wa sentimita moja hadi tatu za mraba, kwa hiyo dawa inayohitaji nusu gramu kwa dozi haina pa kukaa. Fentanili ina nguvu mara 50 hadi 100 ya mofini. Filamu moja ikiokotwa na mtoto inaweza kumuua, na mtu asiyezoea dawa za jamii hiyo anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo hata zinakopatikana hutolewa kwa masharti makali.

Lakini usifikiri kwamba mama yako hana dawa. Nchi hii ina sifa duniani kwa mofini ya maji, iliyoenezwa na Hospice Africa Uganda tangu Daktari Anne Merriman alipoianzisha mwaka 1993, na hutolewa bure kwa wenye maumivu makali. Mofini hupenya utando wa kinywa kwa shida, kwa sababu hupenda maji kuliko mafuta. Matone yanayowekwa mdomoni hufanya kazi zaidi yanapoteremka taratibu na mate. Waambie wahudumu wa tiba shufaa kwamba kumeza kumekuwa kugumu, waeleze anameza kiasi gani na anapaliwa mara ngapi, nao watachagua kati ya mofini iliyokolezwa zaidi, mpira wa tumboni au sindano ya chini ya ngozi. Usingoje siku ya miadi.

Lini insulini ya shavuni itatuondolea sindano? (Mgonjwa wa kisukari, Kasese)

Si leo, na tafadhali usiiache sindano kwa kungoja. Insulini ni minyororo miwili iliyofungwa pamoja, yenye jumla ya asidi amino 51, mikubwa mno kupita kati ya chembe za shavu zilizopangana safu 40 hadi 50. Gundi humshikilia mgeni mlangoni, lakini haimfungulii mlango. Habari iliyonipa matumaini ilitoka Zurich, Uswisi, mwaka 2023: watafiti walitengeneza kikombe kidogo kinachonyonya ndani ya shavu, kwa mfano wa vikombe vya mikono ya pweza, ambacho hunyoosha utando huku kikitoa vitu vya kuulegeza. Kwa mbwa kiliweza kupitisha dawa za jamii ya peptidi, yaani minyororo ya asidi amino. Watu 40 waliojitolea walikijaribu bila dawa ndani yake, kuona tu kama kinakaa. Kutoka hapo mpaka dirishani kwangu ni safari ndefu.

Dawa ya vidonda vya mdomoni niliyopewa ni kama mafuta mazito, nikiipaka inakuwa mchanga. Je, imeharibika? Na hizi za kubandika niziweke wapi, kwa kuwa chumba changu kina joto? (Fundi, Gulu)

Haijaharibika, unaisugua. Dawa hiyo, ambayo kwa kawaida ni triamsinoloni katika mchanganyiko wa jelatini, pektini na selulosi, imekusudiwa kunata, na ukiisugua polima zake huvimba vipande vipande na kuwa punje. Kausha kidonda kwa kitambaa safi, chukua kiasi cha punje ya mchele kwa ncha ya kidole, kiguse juu ya kidonda, kibonyeze, uondoe kidole. Kitakuwa ngozi nyembamba inayoteleza. Fanya hivyo usiku kabla ya kulala, na baada ya chakula ukielekezwa. Usiitumie kwenye malengelenge ya virusi, na kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili kionyeshe kwa daktari wa meno.

Kuhusu kuhifadhi umegusa jambo ninaloligombea kila siku. Kitu kile kile kinachoifanya dawa inate kinywani, yaani kiu ya maji, huifanya ivute unyevu wa hewa ikiwa kabatini. Viwanda vinavyolenga nchi zenye joto hupaswa kuzipima dawa kwa muda mrefu katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, na kibandiko kikifaulu, kimefaulu kikiwa ndani ya kifungashio chake. Sisi wafamasia tuna mazoea ya kumwaga vidonge kutoka kopo kubwa, kuvihesabu kwenye sinia, na kuvitia katika bahasha ndogo ya karatasi. Kwa parasetamoli haina neno kubwa. Kwa dawa ya kunata ni kuiua kabla haijamfikia mgonjwa, na nimewahi kupokea mgonjwa aliyepewa hivyo mahali pengine: vidonge sita vilikuwa vimeshikana kuwa donge moja ndani ya karatasi, navyo alitakiwa kuvitumia siku sita.

Kwa hiyo ukipewa, kataa bahasha, omba kifungashio cha kiwandani. Kiweke ndani ya nyumba upande usiopigwa na jua, juu ya ardhi, mbali na jiko na mbali na mtungi wa maji, wala si katika mfuko wa shati unapokuwa kazini. Fungua kimoja tu kwa wakati, vidole vikiwa vikavu. Ukikuta kimejikunja, kimebadilika rangi, au kinang'ang'ania karatasi yake kabla hakijafika mdomoni, kirudishe dukani na pakiti yake yote, pamoja na tarehe uliyokinunua.